Hewa ya Mwaka Arobaini na Nne

Ijulikane kwa wote watakaosoma haya, wakubwa kwa wadogo, waliovaa kofia na waliozivua kwa heshima, kwamba Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimalizika rasmi Julai ya mwaka jana, kwenye malisho ya nyuma ya kanisa la Bagnica. Najua vitabu vinataja tarehe nyingine. Walioandika vitabu hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, ingawa mahali hasa nilipokuwa si jambo la kuulizana kwa sasa, na niko tayari kuapa kwamba vita hivyo vilimalizwa na paroko mwenye ndoo, bibi mwenye kiwanda cha soseji, na mashine ya kung'olea viazi.

Tuanze na Seweryn Migdał, kwa sababu yeye mwenyewe angetaka tuanze naye.

Seweryn alikuwa mtu wa makamo mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, sauti ya mhubiri, na viganja laini ambavyo havikuwahi kusalimiana na jembe. Aliwahi kuuza piano moja kwa maharusi wawili, na wote wawili wakamshukuru. Aliwahi kuwapangisha watalii nyumba ya kando ya ziwa isiyokuwa yake, na mwenye nyumba alipotokea ghafla na mabegi yake, Seweryn akampangisha na yeye chumba. Mtu wa namna hiyo humchukii. Unashika mfuko wako tu, unamsikiliza.

Lakini hata tapeli huwa na kitu kimoja cha kweli. Cha Seweryn kiliitwa Kunegunda. Ilikuwa pikipiki ya jeshi yenye kigari cha abiria ubavuni, ambayo babu yake aliikuta msituni siku askari walipokimbia wakaiacha inanguruma. Babu aliificha chini ya nyasi kavu, akaipaka mafuta ya nguruwe kila Krismasi, na alipokufa akamwachia Seweryn pamoja na onyo moja: uza mama yako kwanza. Kila skrubu ya Kunegunda ilikuwa ya asili. Kila Julai Seweryn aliileta kwenye maonyesho, akasimama kando yake na kitambaa, na kwa siku moja katika mwaka hakudanganya mtu.

Na kila Julai Bibi Bogumila Sroka alimwendea akamuuliza swali lile lile.

"Seweryn, unauza?"

"Mama Sroka, nenda kamuulize mtu kama anauza figo yake."

"Figo unazo mbili. Moja ya nini?"

Huyu Bibi Sroka ndiye mwenye kiwanda cha soseji. Ni bibi yangu pia, mzaa mama, lakini mimi nimelelewa bwenini kwa mapadri na najua maana ya uadilifu, kwa hiyo undugu huo hautaathiri simulizi hii hata kidogo.

Sasa maonyesho yenyewe. Sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa madereva, Bagnica huvamiwa. Malori ya vita, pikipiki za vita, magari ya wagonjwa ya vita, jiko la vita lenye magurudumu linalopika supu ya njegere, vyote hushuka kwenye malisho, vikiendeshwa na wahasibu. Hawa ni watu wazima wenye wake na mikopo, ambao majira ya baridi yote hulala chali chini ya lori wakiwa na tochi mdomoni, ili Julai waje kubishana kama kijani cha jeshi kilikuwa kijani cha jani au kijani cha chura. Baada ya Misa huwa kuna maandamano, na mbele ya kanisa Baba Paroko Eligiusz hubariki kila chombo kwa maji. Mashine adimu kuliko zote hutangulia, na hiyo hupigwa ndoo nzima. Zinazofuata hupata nusu ndoo, kisha kikombe, na wa mwisho hupata matone ya brashi na pole.

Kwa miaka mitatu mfululizo ndoo ilikuwa ya Daktari Wit Orzech. Daktari Orzech ni daktari wa meno, mwembamba kama bomba la sindano, mwenye lori ambalo mbele lina magurudumu na nyuma lina minyororo. Bibi alikuwa na gari la wagonjwa la vita, zuri kabisa, ila lilikuwa la pili. Kuwa wa pili kulimwingia bibi kama mwiba wa samaki.

Siku Seweryn alipoiona fursa yake, kwenye maonyesho ya mwaka juzi, mkulima mmoja, mtu mwema, alikuwa amechota maji ili amsaidie Daktari kuosha lori.

"Usiguse!" Daktari alipiga kelele mpaka njiwa wakaruka kanisani. "Tope hilo ni la asili!"

"Daktari, hili ni tope la jana. Umepita kwangu."

"La chini yake, bwana! La chini yake!"

Seweryn, aliyekuwa anampangusa Kunegunda taa, aliacha kupangusa. Akamtazama Daktari. Akalitazama tope. Watu wanaolinda uchafu kwa machozi, akajiambia, hao hawahitaji kuibiwa. Wanahitaji kupewa uchafu.

Wazo hilo lilimlalia kichwani mpaka Februari, ambapo sokoni ndege fulani alimnong'oneza kwamba Bibi Sroka angenunua chochote, kwa bei yoyote, mradi kina kutu na kimpite daktari wa meno. Ndege huyo hatutamtaja. Seweryn alikwenda moja kwa moja ghalani kwa shemeji yake Klemens, mchomeleaji vyuma, mtu mkubwa mpole mwenye tabia mbaya ya kuuliza maswali.

"Shemeji, hii tunatengeneza nini?"

"Gari la deraya. La upelelezi, la majaribio. Lilitengenezwa moja tu duniani."

"Nani alilitengeneza?"

"Wewe. Chomelea hapo."

Klemens akachomelea. Tumboni kulikuwa na mashine ya kung'olea viazi sukari, iliyostaafu baada ya utumishi mrefu kwa taifa. Juu yake walivalisha mabati mazito ya tangi la kuchemshia maji. Kibanda cha mzinga, kile kiduara cha juu, kilikuwa beseni la kuogea la chuma lililopinduliwa. Mzinga wenyewe ulikuwa bomba la maji ya mvua.

"Shemeji, mbona gari hili halimo kwenye kitabu chochote?"

"Ndiyo maana ni adimu, Klemens. Ungelikuta kwenye kitabu lingekuwa la kawaida."

Klemens alilitafakari jibu hilo kwa siku kadhaa na akaona halina nyufa.

Kutu walipika wenyewe: siki, chumvi na mkojo wa ng'ombe, kila asubuhi, kwa ndoo. Mke wa Klemens akahamia kwa mama yake kwa muda. Theluji ilipoyeyuka walilisukuma dude lao kwenye kinamasi cha nyuma ya mashamba, likazama kwa adabu, na mwezi wa Juni Seweryn akiwa anatafuta ndama aliyepotea, ndama ambaye hakuwa naye, akakanyaga kitu kigumu.

Bagnica tunaweza kuvumilia mambo mengi, lakini hakuna anayeweza kukaa kazini kama kuna chombo cha vita kinavutwa kutoka topeni. Benki ilifungwa. Zimamoto wa kujitolea walileta winchi, bendi yao ikaleta matarumbeta, akina mama wakaleta matango ya chumvi. Trekta zikanguruma, kebo ikakaza, kinamasi kikatoa sauti ambayo shuleni kwetu ukiitoa unafukuzwa chumba cha chakula, na polepole bomba la maji ya mvua likachomoza kuelekea mbinguni. Wanaume wakavua kofia.

"Nalikumbuka hili!" alisema mzee mmoja huku akitokwa machozi. "Lilipita mbele ya nyumba yetu, nikalipungia mkono!" Mzee huyo alizaliwa miaka sita baada ya vita.

Daktari Orzech alifika anakimbia na koti lake jeupe, akiwa amemwacha mgonjwa kitini mdomo wazi. Bibi alikuja mwendo wake wa kawaida, amejifunga aproni.

"Fungua kifuniko," alisema Daktari. "Tuone ndani."

Hapo ndipo Seweryn alipoonyesha kwa nini wengine ni matapeli na wengine ni wezi tu. Hakusema hapana. Alivua kofia, akaiweka kifuani, akashusha sauti.

"Daktari. Kifuniko hiki kilifungwa mwaka arobaini na nne. Hakijafunguliwa tangu hapo. Unajua kilichomo ndani?"

"Nini?"

"Hewa."

Daktari akaondoa mkono kwenye kifuniko.

"Hewa ya asili," Seweryn akaendelea taratibu. "Hewa ambayo wale vijana waliivuta. Rangi utapaka, skrubu utachonga, ngozi ya viti utashona. Lakini hewa, Daktari? Ukishafungua, unabaki na hewa kama ya kwangu na ya kwako. Lakini wewe ndiye mtaalamu. Klemens! Lete mtaimbo, Daktari anataka tufungue."

"Asifungue mtu!" Daktari alijitupa juu ya bati akakumbatia beseni. "Mna wazimu? Hewa ya asili! Hakuna duniani mwenye hewa ya asili!"

Tangu dakika hiyo Seweryn hakuhitaji mlinzi. Daktari wa meno mwenyewe alikilinda kifuniko kile bila malipo.

Kisha wakaanza kupandishiana bei. Daktari akataja kiasi cha kununua gari zuri. Bibi akataja magari mawili. Daktari akapandisha, bibi akapandisha, mpaka wakafika kwenye bei ya nyumba ndogo yenye bustani, na Daktari akajitoa, akakaa kwenye nyasi. Seweryn alishangaa kidogo. Bibi Sroka alijulikana kwa kubishana bei ya chumvi. Lakini tamaa, akajiambia, haina mwenyewe.

"Nanunua," alisema bibi. "Ila mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia. Naweka bahasha ya pesa kwa Baba Paroko mpaka siku ya baraka. Na wewe unaweka nini?"

"Naweka neno langu la heshima, Mama Sroka."

Hata bendi ilionekana kuona haya.

"Weka Kunegunda," alisema bibi. "Dude likiwa la kweli, unachukua bahasha. Likiwa la uongo, nachukua pikipiki."

Niliona masharubu ya Seweryn yakishuka, moja baada ya jingine. Aliitazama Kunegunda iliyokuwa kivulini, inang'aa kama jino la dhahabu. Mtu mwaminifu angekubali mara moja bila hofu, na watu wote walikuwa wanamtazama kuona kama ni mwaminifu.

"Naweka," alisema, na neno lilimtoka kama linang'olewa na Daktari.

Wakashikana mikono, na Baba Paroko akaipiga mikono yao katikati kwa kiganja chake, maana kwetu mapatano yasiyokatwa na mtu wa tatu ni mazungumzo tu. Na hapa lazima mjue sheria moja ya Bagnica ambayo hakuna aliyewahi kuivunja. Chombo kilichouzwa kabla ya Mtakatifu Kristofa unaweza kukirudisha, ukalia, ukadai chako, mpaka maji ya baraka yakiguse. Yakishagusa, basi. Kilichobarikiwa hakirudishwi, hata kikifia pale pale mlangoni. Ukikirudisha ni kama unamwambia Mtakatifu Kristofa kazi yake mbovu.

Kwa hiyo Seweryn alihitaji jambo moja tu: kifuniko kisifunguliwe mpaka ndoo imwagwe. Kati yake na kumpoteza Kunegunda kulikuwa na wiki chache na daktari wa meno mmoja aliyelala kando ya dude hilo kwenye hema, akizuia watoto wasipumue karibu.

Siku ikafika. Watu wote wakaingia kwenye Misa, hata Daktari, maana Misa ya Mtakatifu Kristofa usipohudhuria, chombo chako kinarudishwa mwisho wa mstari. Malisho yakabaki matupu kwa muda wa mahubiri, na mahubiri ya Baba Paroko si mafupi. Nilichofanya mimi wakati huo hakina umuhimu wa kihistoria.

Baada ya Misa bendi ikapiga, maandamano yakapangwa. Mbele kabisa, juu ya tela la trekta, lilikuwa dude la deraya lenye mashada ya maua kwenye bomba. Nyuma yake gari la wagonjwa, kisha Daktari na lori lake, uso wake umekunjamana kama limau. Pembeni, kama rehani ilivyotakiwa, ilisimamishwa Kunegunda. Seweryn alikuwa amevaa suti. Alitabasamu kwa kila mtu, na macho yake hayakutoka kwenye ndoo.

Baba Paroko akasoma sala. Akaishika ndoo. Akainyanyua.

Ngo, ngo, ngo.

Ndoo ikasimama hewani.

Ngo, ngo, ngo. Ilitoka ndani ya deraya. Trombone moja ikatoa sauti yenyewe. Kisha, kutoka chini ya beseni, ikaja sauti nyembamba, kavu, ya mtu ambaye hajaongea na mtu kwa miaka mingi.

"Jamani... vita vimekwisha?"

Nusu ya watu wakakimbia. Nusu nyingine wangekimbia lakini walikuwa wameshika supu. Baba Paroko, ambaye ni mtu shujaa, akajongea hatua moja.

"Vimekwisha, mwanangu," alisema. "Zamani."

"Nani alishinda?"

Watu wakatazamana. Swali lilikuwa zito.

"Inategemea unamuuliza nani," alisema yule mzee mwenye kumbukumbu nzuri.

"Basi fungueni," ilisema sauti. "Nasikia harufu ya supu."

"Asifungue mtu!" alipiga kelele Seweryn. "Ni upepo! Ni chuma kinapanuka kwa jua!"

"Upepo unaomba supu?" aliuliza bibi.

"Hewa!" alilia Daktari Orzech. "Ifikirieni hewa!"

"Daktari," alisema Baba Paroko, "hewa haina roho ya kuokoa. Klemens, fungua."

Klemens, ambaye alikuwa amelichomelea dude lile kwa mikono yake na bado aliamini limemeza askari, alipanda, akapachika mtaimbo, akasukuma. Kifuniko kikalia. Daktari Orzech akamsukuma Klemens pembeni, akatumbukiza kichwa chote, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Akatoka macho yamelegea.

"Ndiyo," alinong'ona. "Ndiyo yenyewe. Siki... chumvi... na kitu kingine cha kishujaa sana."

Wengine wakapanda, nao hawakuvuta hewa, walitazama. Askari hakuwepo. Kulikuwa na safu za visu vya kung'olea viazi. Kulikuwa na maandishi ya manjano yaliyosema: ONDOA MAWE SHAMBANI KABLA YA KUVUNA. Na kutoka kwenye dari ya kibanda cha mzinga, kwenye mnyororo mdogo mzuri, kilining'inia kizibo cha beseni la kuogea.

Watu wote wakamgeukia Seweryn.

"Seweryn," alisema Baba Paroko kwa upole wa kutisha. "Hiki ni nini?"

Na hapa, wasomaji, hata sisi tusiompenda lazima tusimame tumvulie kofia. Mtu mwingine angelia. Seweryn alipanda kwenye tela, akageuka, akaikunjua mikono.

"Kizibo!" alisema kwa furaha. "Baba Paroko, ndicho nilichokuwa nakitafuta! Jamani, hamwoni? Adui anatafuta magari ya deraya. Anatafuta usiku na mchana. Lakini adui gani anaipiga bomu mashine ya viazi? Waliificha! Ujanja wa kijeshi! Kwa nje deraya, kwa ndani viazi!"

"Si ingekuwa kinyume chake?" aliuliza Klemens. "Kwa nje viazi, kwa ndani deraya?"

"Hivyo ndivyo adui alivyodhani, shemeji!"

Watu wakaanza kunong'onezana. Mmoja akasema si mbaya. Mwingine akasema wale jamaa walikuwa na akili kweli. Daktari Orzech, bado mlevi wa hewa, alipiga ngumi kwenye kiganja. "Inawezekana kabisa! Hilo linaeleza kwa nini halimo kwenye vitabu!" Yule mzee akasema sasa anakumbuka, siku lilipopita lilikuwa linamwaga viazi.

Naapa kwa vitabu vyangu vya shule, alikuwa ameshinda. Baba Paroko alikuna kichwa, akatazama mstari mrefu wa magari yaliyosubiri, akasikia tumbo lake likidai supu, na akainyanyua tena ndoo kuelekea kwenye deraya. Seweryn akafumba macho.

Alisahau kumtazama bibi.

Bibi alikuwa ameshuka kwenye gari la wagonjwa bila haraka, akaikusanya aproni yake, akakaa juu ya Kunegunda. Akaweka mguu pale anapojua mguu unawekwa, akakanyaga.

Kunegunda ikapiga kikohozi kimoja cha moto. PAA! Mlio ule ungewaamsha hata waliokufa kwenye vita vile vingine, vya kwanza. Baba Paroko aliruka, akageuka akiwa hewani, na ndoo nzima, maji yote ya mashine adimu kuliko zote, ikamwagikia pikipiki, kigari cha ubavuni, na bibi yangu.

Bibi akapangusa uso kwa aproni.

"Nimeona kizibo," alisema. "Kwa hiyo dude lako nakurudishia, halijaguswa na tone. Bahasha yangu naomba, Baba Paroko. Na rehani yangu ninayo, naona imeshabarikiwa."

"Mama Sroka!" Sauti ya Seweryn ilipasuka. "Ile ilikuwa bahati mbaya! Maji yalikuwa ya..."

"Kilichobarikiwa," alisema bibi.

"Hakirudishwi," walijibu watu wote wa Bagnica kwa pamoja, kama kwenye Misa, na bendi ikaona afadhali ipige kitu.

Seweryn hakubishana. Alikwenda polepole mpaka kwa Kunegunda, akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa maji kwenye taa ya mbele. Kisha akamkabidhi bibi kitambaa. Sitasema kama alilia. Nitasema kwamba Klemens alilia kwa niaba ya familia.

Hivyo ndivyo vita vilivyomalizika. Kuhusu ile sauti iliyosikika ndani ya deraya, wachunguzi makini wanasema ilikuwa roho ya askari asiyejulikana, ambaye baada ya kupata habari alizozihitaji alipumzika kwa amani. Hakuna ushahidi mwingine, na hapa ndipo mwandishi wa historia hufunga kazi yake, akaondoka kwa heshima.

Nilikuwa naondoka kwa heshima. Nilikuwa nimepanga foleni ya supu na bakuli langu, nyuma ya bibi, wakati Seweryn alipokuja kukaa kwenye benchi mbele yetu, suti yake imelowa mpaka magotini.

"Umenimaliza, Mama Sroka," alisema. "Tangu lini ulijua?"

"Tangu kabla hujalivuta topeni. Unadhani mimi nalipa nyumba yenye bustani kwa ajili ya ndoo? Nilitaka pikipiki. Mjukuu wangu huyu ndiye aliyeniambia dude ni la viazi, na akanipa wazo la rehani. Akajitolea na kuingia na kutoka kwa kile kitundu cha chini cha kumwagia viazi. Nilimwambia akohoe tu. Hayo ya nani alishinda aliyatunga mwenyewe." Akanipapasa kichwa. "Akili ya shule ya bweni. Anachotaka ni kupelekwa shuleni Septemba kwenye kigari cha ubavuni, bweni zima likiona."

Seweryn alikuwa amenyanyua kijiko. Akakirudisha mezani.

"Mjukuu wako ni huyu?"

"Huyu huyu."

"Mama Sroka," alisema Seweryn, na polepole masharubu yake yakaanza kupanda tena, "huyu ndiye aliyenifuata sokoni Februari. Ndiye aliyeniambia utanunua chochote chenye kutu. Na ile habari ya hewa ya asili, mimi ningeitoa wapi? Ndiye aliyenipa."

Mkono wa bibi ulikuwa bado juu ya kichwa changu. Ulikuwa umeacha kupapasa.

"Ulimtuma akatengeneze," alisema bibi, "halafu ukanituma mimi nikamkamate?"

Foleni yote ilikuwa imegeuka. Klemens, Daktari Orzech, zimamoto, mzee wa kumbukumbu, Baba Paroko akiwa na kijiko njiani kwenda mdomoni. Nilitazama pande zote kutafuta ndege wa kumsingizia. Nguo zangu zilikuwa na kutu mbichi mgongoni na harufu ambayo Daktari alikuwa ameanza kuifuata kwa pua, akisogea taratibu kando ya benchi.

Nikakiri. Nilikiri la sokoni, nikakiri la hewa, nikakiri kwamba wenzangu bwenini nilishawaambia tangu Pasaka kwamba pikipiki ni yangu. Kukiri kuna utelezi wake, ukishaanza huoni pa kushika, na kwa kuwa watu walikuwa wanasikiliza vizuri hivyo nikaendelea: kengele ya shule, viatu vya padri mlezi, na plamu zote za bustani ya paroko.

"Plamu?" alisema Baba Paroko, akaweka kijiko chini.